Watoto kurudi chuoni wakati wa janga: tuanze na dirisha

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Mtaani kwetu Mombasa hakuna mzazi aliyesubiri kuambiwa kama chuo cha Qur'ani, yaani madrasa, nacho kimo. Kesho yake baada ya Alasiri, saa ambayo vichochoro hujaa watoto wa kanzu na mabuibui madogo, juzuu kifuani, hapakupita mtu. Ile sauti ya kila jioni, "be fataha ba, be kisira bi, be dhuma bu", ilinyamaza. Nilidhani ni ya wiki mbili.

Haikuwa ya wiki mbili, na kadiri miezi ilivyosonga swali liligeuka. Mwanzo tuliuliza kama ni halali kufunga chuo. Baadaye tukauliza kitafunguliwaje na watoto wasipeleke ugonjwa majumbani kwao. Swali la pili ndilo gumu, na nalirudia leo kwa sababu majibu tuliyolipa wakati ule yalikuwa ya bidii na ya nia njema, lakini mengi yalilenga pasipo. Tulichanga tukanunua ndoo za kunawia, tukanunua kipimajoto cha kuelekeza usoni, tukapiga dawa majamvi. Madirisha tukayaacha yamefungwa.

Namjua maalimu mmoja aliyeyafunga kwa makusudi. Alikuwa ameanza kusomesha watoto wachache nyumbani kwake kimyakimya, na hakutaka sauti isikike nje. Alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, na wazazi ndio waliomsihi. Lakini kwa kufanya vile aliigeuza hatari ndogo kuwa kubwa, na sababu yake inaeleweka ukijua maradhi haya yalivyokuwa yakisafiri. Nitafika huko. Kwanza tuone kwa nini alijificha.

Shule au msikiti?

Tarehe 6 Julai 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa nyumba za ibada zitaanza kufunguliwa kwa awamu. Masharti yalikuwa haya: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wanaoingia wawe na umri wa miaka 13 hadi 58. Madrasa na Sunday school zikaambiwa zisubiri hadi tangazo jingine. Kwa hiyo baba aliweza kwenda kuswali Ijumaa, na mwanawe wa miaka minane akabaki nyumbani. Tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 wakarudi shuleni. Tarehe 4 Januari 2021 wakarudi wote.

Tazama mkanganyiko uliomo humo. Chuo kwa kazi yake ni shule: kina watoto, kina maalimu, kina masomo ya kila siku, watoto hukaa saa mbili na zaidi. Kwa daftari la serikali kikawa tawi la ibada. Kanuni za shule ziliandikwa kwa mahali penye madawati, kengele na mwalimu mkuu anayepokea waraka kutoka wizarani. Kanuni za msikiti ziliandikwa kwa mtu mzima anayekuja, anaswali, anaondoka. Chuo cha jamvini chenye watoto sitini, maalimu mmoja na msaidizi wake hakikuingia katika fungu lolote kati ya hayo mawili. Maalimu hakuwa na waraka wa kufuata wala ofisi iliyojua mwongozo wake uko wapi. Basi akaamua mwenyewe, na mtu anayeamua peke yake huku akiogopa kukamatwa huamua gizani.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa nyingine kabisa. Tanzania Bara misikiti haikufungwa, shule zilifunguliwa zote tarehe 29 Juni 2020, na takwimu za wagonjwa zilikuwa zimesimama kwenye 509 tangu mwezi Mei. Mzazi wa Tanga hakuwa na amri ya kuvunja, lakini pia hakuwa na namba ya kumwambia kama wiki hii ni mbaya kuliko wiki jana. Mzazi wa Mombasa alikuwa na namba kila alasiri, zikisomwa na Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, ila hakuwa na kanuni ya chuo. Wote wawili walibaki kukisia.

Je, ni udhaifu wa imani?

Jambo hili nalipitia kwa haraka, kwa kuwa maulamaa wetu walilieleza vizuri zaidi yangu. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipokuwa njiani kwenda Sham (upande wa Syria) akapata habari ya tauni ya Amwas, mnamo mwaka 639, aliamua kugeuza msafara. Swahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari, yaani makadirio, ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba wanaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye qadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye ngamia kwenye bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kavu. Kisha swahaba mwingine, Abdurrahman bin Auf, akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.): mkisikia tauni imo katika nchi msiingie, na ikitokea mlipo msitoke kuikimbia.

Kisa kingine hakisimuliwi sana misikitini kwetu, nami naona kingetufaa. Mwaka 833 wa Hijria (mnamo 1430) tauni iliipiga Cairo. Al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni wa hadithi ambaye mwenyewe aliwazika mabinti zake kwa tauni, aliandika kwamba vifo vilikuwa chini ya arobaini kwa siku. Watu wakafunga siku tatu, wakatoka jangwani kwa mkusanyiko mkubwa kuomba dua, wakarudi mjini. Mwezi haukuisha vifo vikapita elfu moja kwa siku. Ibn Hajar hakuwa anapinga dua. Aliona kilichotokea watu walipobanana, akakiandika.

Kwa hiyo tahadhari ina mizizi katika dini. Lakini dini hiyohiyo inatuambia Qur'ani huponyoka kifuani upesi kuliko ngamia aliyefungwa kamba, na yeyote aliyekuwa na mtoto wa hifdhi, anayehifadhi Qur'ani kwa moyo, mwaka ule alishuhudia. Mtoto aliyekuwa amefika juzuu ya kumi mwezi Machi, ilipofika Agosti akijikwaa kwenye juzuu ya tatu. Kufunga kulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa na watoto. Ndiyo maana sikubaliani na waliosema chuo kingesubiri tu mpaka maradhi yaishe. Kilipaswa kufunguliwa mapema, na kufunguliwa vizuri.

Sauti na hewa

Tarehe 10 Machi 2020, katika kaunti ya Skagit jimbo la Washington huko Marekani, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Watu 53 walikuja kuugua, na wawili walifariki. Kisa hiki kilichunguzwa sana kwa sababu kilionyesha kitu ambacho ndoo ya maji isingekizuia. Mtu anapopumua hutoa chembechembe ndogo mno za unyevu. Akizungumza hutoa nyingi zaidi. Akiimba au kusoma kwa sauti kubwa hutoa nyingi zaidi ya hapo. Zile kubwa huanguka chini karibu yake. Zile ndogo huelea hewani kama moshi, na chumba kikifungwa huzidi kujaa dakika baada ya dakika.

Sasa fikiria chuo chetu. Watoto sitini chumbani, bega kwa bega. Maalimu anasoma aya, wote wanaitikia kwa kifua kizima, kwa sababu kwetu sisi mtoto anayesoma kwa sauti ya chini huambiwa hajui. Saa mbili na nusu, tangu Alasiri hadi Magharibi. Ni kwaya ileile, kwa muda uleule, ila kwetu ni kila siku.

Mwezi Julai 2020 wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakitaka Shirika la Afya Duniani, WHO, litilie uzito njia hii ya hewa. Ilichukua muda. Mwaka 2021 maelezo ya WHO yenyewe yakawa yanasema wazi kwamba virusi huenea hewani katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Mwezi Aprili mwaka huohuo CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi, ikakadiria kwamba kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida huambukiza chini ya mara moja katika 10,000. Yaani jamvi tulilolipiga dawa kila asubuhi halikuwa adui. Na vile vibanda vya kupulizia watu dawa mwilini vilivyozuka 2020, WHO ilikuwa imeshavikataza tangu mwezi Mei, kwamba vinadhuru macho, ngozi na mapafu, na haviui ugonjwa ulio ndani ya mtu.

Kipimajoto nacho kilitupa utulivu wa bure. Watoto wengi walioambukizwa hawakupata homa kabisa, na mtu huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajaona dalili yoyote. Mtoto wa nyuzi 36.5 mlangoni hakuwa na cheti cha uzima.

Ndipo lile dirisha la maalimu wangu linapoingia. Watoto wanane sebuleni na madirisha wazi ni jambo dogo. Watoto haohao wanane, pazia limeteremshwa, wanasoma Yasini kwa pamoja kwa saa moja na nusu, ni hatari kubwa kuliko watoto ishirini chini ya mwembe.

Na hatari kwa nani? Watoto wenyewe wengi wao waliupitia ugonjwa huu kwa wepesi, ingawa si wote. Lakini mtoto wa chuo hutoka chuoni akaenda kulala chumba kimoja na bibi yake. Mikono yake imetoka kushika mkono wa maalimu na kuubusu. Bibi na maalimu, mwenye kisukari, mwenye presha, hao ndio waliokuwa wakilipia.

Jaribio la udi

Kuna njia ya kujua chumba chako cha chuo kinapitisha hewa namna gani, na haihitaji mashine. Kabla watoto hawajafika, chukua chetezo, fukiza udi kidogo katikati ya chumba madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote, kisha kitoe chetezo nje na utazame saa. Moshi ukiondoka haraka na harufu ikafifia ndani ya dakika chache, hewa inapita. Ukirudi baada ya robo saa ukakuta chumba bado kinanukia kama cha biharusi, basi pumzi za watoto nazo hubaki humo hivyohivyo. Fanya hivi mapema, kwa sababu wapo watoto wenye pumu.

Dirisha moja wazi halitoshi. Hewa inataka mahali pa kuingilia na mahali pa kutokea, yaani dirisha na mlango unaokabiliana nalo, au madirisha ya kuta mbili. Pangaboi la darini huizungusha hewa ileile. Linapoza mwili lakini halitoi kitu nje. Feni ya kusimama, ukiiweka dirishani na kuielekeza nje, inafukuza hewa chafu na kuvuta mpya kupitia mlangoni. Sisi wa pwani tuna neema ya upepo: kusi kuanzia Aprili, kaskazi kuanzia Novemba. Wazee waliojenga nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa walijua upepo unatoka wapi kila msimu. Kinachotushinda ni vyumba vya siku hizi vya matofali, dirisha moja dogo la vioo lenye nondo, limepakana na ukuta wa jirani. Chumba cha namna hiyo, kwa maoni yangu, kisitumike kabisa wakati wa maradhi ya hewa, hata kama ndicho chenye zulia zuri.

Na kama kuna uwanja, baraza, sabule ya msikiti iliyo wazi pande mbili, au paa la nyumba lenye kivuli, hapo ndipo pa kusomeshea. Hili si jambo geni kwetu. Wazazi wetu wengi walisoma barazani na chini ya miti. Masika yatasumbua, kweli. Siku ya mvua watoto wabaki nyumbani. Swahaba Ibn Abbas siku ya mvua kubwa alimwambia mwadhini awaambie watu waswali majumbani mwao. Ikiwa Swala ya jamaa inapata ruhusa ya mvua, darsa la jioni moja halitakosa.

Hesabu ya chumba kimoja

Chukua chumba cha mita 6 kwa 5. Kwa umbali wa mita 1.5 kati ya mtoto na mtoto, ukiacha nafasi kidogo ukutani, wanaingia watoto 12. Wewe una watoto 60. Hapa ndipo viongozi wengi wa madrasa walipokata tamaa, wakachagua ama kufunga kabisa ama kuwajaza wote na kutawakali. Lakini hesabu inawezekana.

Wagawe vikundi sita vya watoto kumi. Kutoka Alasiri hadi Magharibi Mombasa kuna kiasi cha saa mbili na nusu. Kila kikundi kipewe dakika 40, na kati ya kikundi na kikundi dakika kumi chumba kikae wazi bila mtu. Vikundi vitatu vinakwisha kabla ya adhana. Vitatu vingine siku ya pili. Kwa hiyo mtoto anakuja Jumamosi na Jumatatu, au Jumapili na Jumanne, Jumatano ikabaki ya waliokosa, na Alhamisi na Ijumaa ni mapumziko kama desturi. Darsa la baada ya Magharibi ndilo halikuwezekana 2020, maana kafyu ilianza saa moja usiku mpaka ilipolegezwa mwezi Juni hadi saa tatu.

Mzazi atasema dakika 40 mara mbili kwa wiki si kitu. Namwomba akumbuke saa zile mbili na nusu zilitumikaje. Katika watoto sitini, maalimu alimsikiliza mmojammoja dakika mbili, muda uliobaki mtoto akaitikia na wenzake au akacheza na kidole cha jirani yake. Katika watoto kumi anapata dakika nne za kusikilizwa peke yake. Ndivyo vyuo vya zamani vilivyokuwa: hapakuwa na darasa la kwanza na la pili, kila mtoto alikuwa na mahali pake alipofikia, akaja mbele ya maalimu, akapokea sehemu yake, akaenda kuirudia. Madarasa na kengele tuliviiga shuleni baadaye.

Desturi hiyo inafungua jambo jingine. Kwa kuwa kila mtoto anasoma mahali pake, vikundi si lazima vigawanywe kwa kiwango. Vigawanywe kwa nyumba. Ndugu wa tumbo moja, binamu wanaolala pamoja, majirani wa ua mmoja, wawe kikundi kimoja, na kikundi kisibadilike. Hao tayari wanapumua hewa moja. Akiugua mmoja, kumi wanabaki nyumbani na hamsini wanaendelea. Mkichanganya kila siku, akiugua mmoja mnafunga chuo.

Kuitikia kwa pamoja ndiko kulikohitaji kuachwa ndani ya chumba, na najua ilivyo vigumu, kwa sababu mtoto mdogo huhifadhi kwa kuitikia. Kuitikia kuhamie nje, barazani, au kufanywe kwa sauti ya kuzungumza. Tajwidi, kanuni za kuisoma Qur'ani sawasawa, ina ugumu wake: mtoto hajui ulimi unakaa wapi kwenye herufi za thaa na dhaal mpaka auone, na barakoa inaficha. Maalimu akae kando ya dirisha au nje ya kizingiti, mita mbili na zaidi, ateremshe barakoa kwa ile herufi tu, airudishe. Mtoto naye vivyo hivyo.

Barakoa kwa watoto WHO na UNICEF walitoa mwongozo Agosti 2020: wa miaka mitano kushuka chini wasilazimishwe, wa miaka 6 hadi 11 itegemee hali ya maambukizi na kama mtoto anaweza kuivaa vizuri, wa 12 kuendelea wavae kama wakubwa. Vyuo vyetu hupokea watoto wa miaka minne. Ndiyo maana nasema hao ndio wawe wa mwisho kurudi, kinyume na walivyofikiri wengi waliotaka kuanza na wadogo kwa kuwa ndio wanaosumbua nyumbani. Alifu kwa ujiti mama anaweza kufundisha, au dada aliyemaliza Juzuu Amma. Mtoto aliye juzuu ya 15 hana wa kumsikiliza nyumbani mwake. Huyo ndiye wa kwanza.

Udhu watie majumbani. Kila mmoja aje na juzuu yake na mswala wake, si kwa hofu ya jamvi, bali kwa sababu mswala humwekea mtoto mpaka wa mahali pake. Salamu kwa maalimu iwe mkono kifuani. Na siku ya khitma, ya kusherehekea kuhitimu Qur'ani, hapo naomba msisahau yote mliyoyajenga. Nimeona chuo kilichojichunga miezi mitatu kikamaliza kwa sinia za pilau chumbani, watoto sita sinia moja, barakoa mifukoni. Pilau ile ingefungwa kwenye mifuko ikaenda nyumbani.

Simu ilisaidia kiasi. Kwa kudurusu, mtoto akirekodi sauti akamtumia maalimu kwa WhatsApp, inafaa sana, na bando dogo linatosha. Kwa sehemu mpya haifai, maana makosa ya makhraji, yaani herufi inapotokea kinywani, hupotea njiani. Na kuna usalama wa aina nyingine hapa: darsa la simu lipitie simu ya mzazi, mzazi akiwa chumbani, au liwe la kikundi. Mtoto asiachwe peke yake na mtu mzima kwenye skrini, hata akiwa maalimu tunayemheshimu.

Maalimu anayekohoa

Katika yote, hili ndilo lililokuwa likiachwa, na ndilo linaloniuma. Maalimu wa chuo huishi kwa ada. Mtoto asipokuja, ada haiji. Kuanzia Machi 2020 walimu wengi wa chuo walikaa miezi bila kipato. Mji wa Kale ulipozuiwa watu kutoka na kuingia kuanzia tarehe 6 Mei hadi mwanzoni mwa Juni, Ramadhani yote iliyobaki na Idi ilipita humo, na misaada iliyokuja mlangoni ilikuwa ya unga na mafuta.

Sasa mwambie mtu huyu: ukikohoa, usije. Atakuja. Ana watoto, ana kodi ya nyumba, na akikosa wiki mbili wazazi watapata maalimu mwingine. Atakunywa tangawizi, atavaa barakoa, atakuja. Kwa hiyo kanuni ya "mgonjwa abaki nyumbani" ni maneno matupu mpaka kamati ya chuo na wazazi waandike kwamba ada ya maalimu inalipwa akiwa mgonjwa, na yupo wa kumshikia nafasi. Fungu hilo lingechangwa mapema, hata shilingi hamsini kwa mtoto kwa wiki. Watoto sitini ni shilingi 3,000. Kipimajoto kile tulichonunua kilipita bei hiyo.

Chanjo za kwanza zilipoingia Kenya tarehe 3 Machi 2021, zaidi kidogo ya dozi milioni moja za AstraZeneca, walimu wa shule waliwekwa katika makundi ya mbele pamoja na wahudumu wa afya na askari. Maalimu wa chuo hana namba ya Tume ya Walimu. Hatambuliki kwenye orodha hiyo mpaka mtu ampeleke. Hapo kamati ya msikiti ina kazi: kuandika majina, umri na maradhi ya walimu wake, na kwenda nayo kituo cha afya siku ya kwanza.

Daftari la mahudhurio nalo ni la lazima, jina na kikundi kila siku. Siku mtoto mmoja atakapougua, maalimu awe anajua nyumba kumi za kupigia simu jioni hiyohiyo.

Ugonjwa ukiwa mwingine

Yote niliyoeleza ni ya maradhi yanayopita hewani. Surua ni ya jamii hiyo, na huambukiza kuliko Korona, ila ina chanjo ya miaka mingi: kwa surua, swali la kwanza mlangoni ni kadi ya kliniki ya mtoto, na dirisha linakuja la pili.

Mpox, ambayo Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza mwisho wa Julai 2024 huko Taita Taveta, hupita zaidi kwa kugusana ngozi na vitu vilivyogusa vidonda. Hapo sasa kukaa bega kwa bega, kuazimana kofia na kulalia mswala mmoja ndiko kunakotisha, na lile jamvi tulilolionea 2020 linapata haki ya kufuliwa.

Kipindupindu kinapita kwenye maji na chakula. Kikiingia mtaani, chuo kinaweza kubaki na watoto wake wote chumbani, lakini hodhi la udhu ambalo wote huchota kwa kata moja lifungwe, maji ya mtungi yachemshwe au yatiwe dawa, choo kiwe na sabuni inayokaa hapo kila siku. Ndoo zetu za 2020 zingetolewa stoo, wakati wake umefika. Na atoke mtu mpaka nje ya lango, azungumze kwa upole na yule mama anayewauzia watoto barafu za ukwaju na mabuyu wakati wa kutoka, amuulize maji ya barafu zake anayateka wapi.